Misumari Mitano ya Nyumba ya Msituni

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe mara tatu, polepole, kisha kikalazwa juu ya kitambaa kisije kikapiga kelele. Nje bado giza. Hivyo ndivyo mumewe alivyokoroga chai kila alfajiri kwa miaka ishirini na sita, na mpelelezi hakuwahi kumwambia kwamba sauti hiyo aliyojitahidi kuificha ndiyo iliyokuwa ikimwamsha.

"Kunywa ingali moto," mume alisema, akiketi ukingoni mwa kitanda. "Simu yako imelia mara mbili. Niliificha chini ya mto wangu upate hata dakika kumi."

"Nani huyo?"

"Nani mwingine? Mkubwa wako. Simu ilikuwa inatetemeka kwa hasira zake."

Ikalia mara ya tatu. Mkuu wa kituo hakusalimu.

"Mama Miwani, gari la gereza linaondoka saa nane mchana. Mtu wako anapanda."

Mji mzima ulimwita hivyo kwa sababu ya miwani yake iliyofungwa uzi shingoni.

"Mkuu, mtu huyo ana mbavu nne zilizovunjika na taya limepasuka. Barabara ya kushuka bondeni ina kona zaidi ya mia. Hatafika hai."

"Basi nipe mtu mwingine kabla ya saa nane. Shoka ni lake. Damu ilikuwa kwenye shati lake. Watu wa kiwanda cha mbao walimkuta amempakata marehemu. Unataka nini zaidi, barua?"

"Nataka damu."

"Unasema?"

"Mtu mzima akipigwa vile anaacha damu ya ndoo, mkuu. Pale kwenye kuni nilikuta ya kikombe."

Simu ikakatwa. Mume alikuwa amekwisha kumtolea soksi nzito, kwa kuwa asubuhi, katika mji ule wa mlimani, ziwa hupumua ukungu mpaka mifupa ikauma.

Aliyeuawa alikuwa dalali wa nyumba, mtu mpole, wa pekee mjini aliyefika kwenye nyumba saa nyingi kabla ya mnunuzi ili awashe jiko, mgeni akute kuna joto. Jana saa saba mchana alikutwa nyuma ya nyumba ya msituni, kilomita nane juu ya ziwa, aliyokuwa akiiuza kwa niaba ya mjane mmoja mzee. Alikuwa kwenye rundo la kuni, kichwa kimefunguka. Daktari alihesabu majeraha tisa. Sita yalikuwa ya mviringo, kama ya nyundo. Matatu yalikuwa marefu, ya shoka, nayo hayakuvuja damu.

"Shoka lilimkuta ameshakufa," daktari alisema.

Nyundo haikuonekana.

*

Jiwe la kwanza lilipita dirishani mpelelezi akiwa ndio kwanza anaingia wodini. Sista wa zamu hakupiga kelele. Alimlalia mgonjwa kifua kwa kifua bila kumgusa mbavu, na vioo vikamwangukia yeye mgongoni.

"Umeumia?" mpelelezi aliuliza.

"Ni sare tu imechanika, mama. Muulize haraka, wale watu hawana mchezo."

Kitandani alikuwa mtunza nyumba ya msituni, kijana wa miaka thelathini hivi ambaye watu walimwita Kimya, kwani kutwa nzima angeweza kusema maneno matano na yakamtosha. Sasa hata hayo matano yalikuwa kazi. Uso ulikuwa umevimba hadi jicho moja limezama. Watu wa kiwandani walimpiga kwa mbao za inchi mbili, mmoja akimkalia shingo. Isingekuwa Koplo, dereva wa mpelelezi, kuutupa mwili wake mzito juu yake, wangemmaliza pale pale.

"Mwanangu, ni mimi. Ulimkuta wapi dalali?"

"Kuni," Kimya alipumua. "Nikaingia ndani... kitambaa... kumfunga." Akatulia, damu ikimchuruzika mdomoni. Sista akaifuta kwa ncha ya shuka. "Mtoto... wamemtoa juani."

"Mtoto gani?"

"Mtoto. Kawekwa pembeni... gizani."

"Anasema hayo hayo tangu jana," sista alisema. "Ni homa."

Koplo alikuwa mzee wa tumbo kubwa aliyebakiza miezi minne astaafu. Alitoka ukumbini akapiga simu kituoni, kisha shuleni, kisha kwa mwenye duka wa barabara ya msituni. Alirudi akitikisa kichwa. "Hakuna mtoto aliyepotea wilaya nzima. Na jana tulipekua nyumba ile mpaka ndani ya banda la kuku."

Jiwe la pili lilivunja taa. Walitoka nje. Langoni kulikuwa na watu kama sitini, wengine na mbao, mmoja na dumu la petroli. Juu ya bodi ya lori alisimama mwanamume mwenye koti jeusi zuri. Huyo alikuwa kifungua mimba wa mjane mwenye nyumba.

"Jamani, mama yangu kamlisha mtu huyu miaka mitano!" alikuwa akilia kwa sauti. "Mimi miaka tisa sijakanyaga nyumba ile, nashuka kwenye basi jana jioni, nakuta nini? Rafiki wa mama yangu kapasuliwa kama kuni!"

Kundi likanguruma na kusogea. Mwenye dumu akafungua kifuniko. Koplo alichomoa bastola akapiga risasi moja hewani, na ndege wote wa ziwani wakaruka pamoja.

"Risasi ya pili haiendi juu," alisema. "Na mimi macho yangu ya uzeeni hayachagui."

Watu wakarudi nyuma hatua kumi. Hawakuondoka, lakini kifuniko cha dumu kilirudishwa. Yule mwana wa mjane akashuka kwenye lori.

"Afande, mnamlisha uji yule mnyama?"

"Anaunywa kwa mrija," mpelelezi alisema. "Taya lake mlilivunja."

"Mimi sikuwepo."

"Ndivyo ulivyosema. Kidole gumba vipi?" Kilikuwa kimefungwa bendeji mpya, na damu imepenya.

"Mlango wa basi."

"Pole."

Walipokuwa ndani ya gari, Koplo alisema, "Nimeshauliza stendi. Basi la jana lilijaa pomoni, kondakta hakumbuki sura ya mtu."

"Sijakuuliza, Koplo."

"Najua. Lakini ungeniuliza."

*

Mnunuzi alikuwa kwenye hoteli ya kando ya ziwa, mwalimu mstaafu mwenye mikono kama ya mpasua mawe. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimechubuka. Mpelelezi hakukaa.

"Jana saa nne asubuhi ulimwambia dalali kwenye simu kwamba utamvunja miguu. Mhudumu wa mapokezi alisikia."

"Nilisema hivyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu aliniambia barabara ni nzuri! Gurudumu langu lilipasuka kona ya pili. Afande, kuna mtu amewahi kuongea na dalali asitamani kumvunja mguu?"

"Huyu kavunjwa kichwa."

Mwalimu akaketi taratibu. "Nimesikia. Tangu jana sijala."

"Vidole?"

"Nati za gurudumu. Nilishindwa, nikarudi hotelini kwa miguu kupiga simu, kisha gari likavutwa hadi gereji. Nimekaa pale mpaka saa nane mchana, fundi ananiongopea kila nusu saa."

Koplo aliinua simu yake. "Fundi kathibitisha. Kakiri hata kuongopa."

Kwa hiyo njia hiyo ikafungika. Zilibaki saa sita kabla ya gari la gereza. Mpelelezi alikuwa ameshashika kitasa cha mlango mwalimu alipomwita.

"Alikuwa mtu mwema, hata hivyo. Saa tatu na dakika kumi alinitumia picha ya sebule nione ameshawasha jiko, nisikate tamaa na baridi."

Picha ilikuwa kwenye simu. Jiko la chuma linawaka. Nyuma yake ukuta wa mbao ghafi, mbao zisizopigwa rangi wala vanishi, na ukutani misumari mitano mitupu: mmoja katikati, miwili juu, miwili chini.

"Picha za familia ziko wapi?" mpelelezi aliuliza.

"Huwa anazitoa kila nyumba anayouza. Anasema mnunuzi akizungukwa na sura za watu asiowajua anajiona mgeni, hawezi kufikiria kitanda chake kitakaa wapi. Huzifunga kwenye magazeti moja moja, anaziweka kwenye katoni, mwenyewe aje azikute salama."

Mpelelezi alivaa miwani yake akafungua picha alizopiga yeye mwenyewe jana saa nane mchana. Sebule ile ile, jiko lile lile limezimika. Kwenye misumari yote mitano palining'inia picha tano za familia.

Koplo aliegemea begani mwake, akapiga mluzi mdogo. "Saa tatu ukuta uko uchi. Saa nane umevaa."

"Nani anaua mtu halafu anakaa kutundika picha?"

"Mtu nadhifu?"

"Mtu mwenye kitu cha kufunika," alisema mpelelezi.

*

Mjane aliishi chumba cha nyuma kwa binti yake, mtaa wa mteremko unaoishia majini. Binti alikuwa kazini. Walimkuta bibi kitandani, miguu imefunikwa shali, akishona kifungo kwenye shati la kiume lililofuliwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Hili ni la Kimya. Lile la jana walimchania, sitaki atoke hospitali kifua wazi."

"Huamini kwamba ndiye aliyeua?"

"Miguu yangu ilipokataa, alinibeba mgongoni kilomita nane, mvua inanyesha. Kila nikisema nishushe upumzike, anasema, 'Karibu tunafika, mama.' Hatukuwa karibu hata kidogo." Alivuta uzi. "Ndiyo maana nilimwambia dalali aandike kwenye karatasi: nyumba inauzwa, ila kibanda cha Kimya na bustani yake vinabaki vyake maisha."

"Watoto wako walijua?"

"Binti yangu alinikumbatia. Mwanangu wa kwanza nilimpigia simu wiki iliyopita. Alinyamaza, kisha akakata." Sindano ikapita tundu moja, mbili. "Baba yake naye hasira zake zilianzia kwenye kunyamaza. Ukisikia nyumba imetulia, unatafuta pa kuficha watoto."

Mpelelezi alimwonyesha picha ya jana. Bibi hakuona vizuri. Akavuta miwani ya mpelelezi akaivaa bila kukumbuka kwamba ina uzi, na wanawake wawili wakajikuta wamegusanishwa mashavu. Koplo aligeukia dirishani ili asicheke.

Bibi hakucheka. Alishika simu kwa mikono miwili.

"Nani kamtoa mtoto wangu juani?"

"Sema tena, mama."

"Huyu hapa. Kitindamimba wangu, aliyezama ziwani akiwa na miaka sita. Yeye anakaa katikati, msumari ule unaopigwa na jua la asubuhi. Nilimweka pale kwa sababu ziwa lilikuwa baridi sana siku ile." Alipitisha kidole. "Lakini hapa katikati kakaa mume wangu, na mtoto karudishwa chini, pembeni, penye giza. Huu ni mpangilio wa zamani. Mume wangu ndiye aliyeupanga hivi. Mwaka wa pili baada ya kumzika ndipo nilipopata ujasiri wa kumshusha."

"Miaka mingapi sasa?"

"Saba."

"Kimya alianza kazi lini?"

"Mitano. Ndiye anayezifuta vumbi. Nilipokuwa kule alikuwa akimsalimia mtoto kila asubuhi, akidhani simsikii."

"Na binti yako?"

"Yeye ndiye aliyenishikia kiti siku nilipozibadilisha." Sindano ilisimama hewani. Mtu aliyezitundika jana aliijua familia ile, lakini hakuwa ameuona ukuta ule kwa miaka saba. Bibi alifika hapo mwenyewe, bila kusukumwa, na uso wake ukazeeka mbele yao. "Mwanangu, usiniulize lingine."

"Sikuulizi, mama."

Bibi akakata uzi kwa meno. "Uliza. Yule aliyelala hospitali naye alizaliwa na mtu."

*

Nyumba ya msituni ilisimama kati ya misonobari, kibao cha INAUZWA kimeshikiliwa getini kwa msumari mmoja. Dalali alikuwa hajamaliza kukipigilia. Nyundo aliingia nayo ndani, pengine ili apashe mikono moto kwanza.

Mpelelezi alishusha picha ya katikati. Mbao nyuma yake zilikuwa nyeusi. Damu ilirukia ukutani kama maji yaliyotikiswa kutoka kwenye brashi, na mbao ghafi zilikuwa zimeinywa. Chini kulikuwa na michirizo ya kitambaa, mtu alikuwa amesugua akashindwa. Kila picha ilificha sehemu yake. Sakafu ilikuwa imeoshwa, lakini kati ya mbao na mbao damu ilikuwa bado mbichi.

"Kamuulia hapa, kamburuta hadi kwenye kuni, kachukua shoka la Kimya kamwongezea," Koplo alisema, sauti chini. "Kwa maiti. Mara tatu."

Ndani ya jivu la jiko mpelelezi alipata kichwa cha nyundo, mpini umeungua wote. Jiko ambalo marehemu aliliwasha kwa ajili ya mgeni ndilo lililotumika kuuchoma. Akageuza picha ya yule baba. Kioo kilikuwa kimepasuka, na kipande kilichongoka kilitokeza nyuma, pembe ya chini kushoto, kina ukoko wa damu kavu.

"Gumba," alisema Koplo.

"Maabara watachukua wiki tatu kutuambia ya nani. Sisi tuna saa mbili." Alianza kuzifunga picha kwenye magazeti, moja moja, kama marehemu alivyofanya. Pembe ile yenye kioo aliifunika vizuri, isionekane. "Una misumari, Koplo?"

*

Saa saba na robo, chumbani kwa mjane, ukuta ulioelekeana na kitanda ulikuwa na misumari mitano: mmoja katikati, miwili juu, miwili chini. Mpelelezi alikuwa amemsihi bibi aende kwa jirani.

"Picha ni zangu," bibi alisema. "Nitakuwepo."

Mwanawe aliitwa. Aliingia akipangusa macho.

"Mama anataka picha zake," mpelelezi alisema. "Mimi mfupi, na Koplo kiti hakimwezi."

"Hata hilo mnashindwa?" alisema, lakini akavua koti. Ilikuwa nafasi nzuri ya kuonekana mtoto mwema. Alifungua gazeti la kwanza: harusi ya wazazi, juu kushoto. La pili: yeye mwenyewe na sare ya shule, juu kulia. Dada yake, chini kushoto. Mikono ilikwenda yenyewe, bila kuuliza. Alipofika kwenye fremu kubwa ya baba yake hakuitazama. Aliishika kwa juu, akavua gazeti upande wa kulia tu, akaiepusha pembe ya chini kushoto kama mtu anayeepa mpini wa sufuria ya moto. Akaitundika katikati. Kisha yule msichana mdogo, chini, pembeni, kwenye kivuli cha kabati.

"Tayari," alisema.

Mpelelezi aliweka simu yake kitandani, ile picha ya jana. Kuta mbili zilifanana kama pacha.

"Mwanangu," bibi alisema. "Miaka saba mtoto anakaa katikati. Kimya anajua. Dada yako anajua. Aliyezitundika jana hakujua."

Yule mtu alinyamaza. Chumba kizima kilitulia, na mpelelezi alimwona bibi akivuta shali hadi kidevuni kwa mkono wa mtu aliyewahi kuujua utulivu ule.

"Ningejuaje?" alisema mwana hatimaye, taratibu. "Hukuniambia. Ulimshusha baba, hukuniambia. Ukagawa ardhi yake kwa mtumishi, ukaniambia kwenye simu kama habari za mvua!"

Nyundo ya Koplo ilikuwa imesahauliwa juu ya kabati. Yule mwana aliinyakua kabla mtu hajapepesa jicho. Koplo aliinua mkono kujikinga na mfupa ukakatika kwa sauti ya kijiti kikavu. Pigo la pili lilimpata mpelelezi begani, miwani ikaruka, uzi ukamkata shingo. Alianguka juu ya kiti, kiti kikavunjika. Aliona kiatu kikija akajiviringisha, nacho kikampata kwenye nyonga. Nyundo ikapanda tena juu ya kichwa chake.

Bibi alikuwa ameteremka kitandani. Miguu ile iliyokataa kilomita nane ilikubali hatua tatu. Alisimama kati yao, mfupi, na gauni lake la kulalia.

"Hivyo hivyo," alisema. "Baba yako alinyanyua mkono hivyo hivyo, na wewe ukiwa nyuma yangu umeshika gauni langu."

Mkono ulibaki juu. Haukushuka, haukurudi. Mpelelezi hakungoja uamue. Aliinuka, akachomoa fremu kubwa ukutani akapiga kwa ubavu wake kiwiko cha mkono ule, kioo kikalipuka, nyundo ikadunda sakafuni. Akampiga tena nyuma ya goti. Koplo, mkono mmoja ukining'inia, alimwangukia kwa uzito wake wote uliobakiza miezi minne ustaafu, na pingu zikalia mara mbili.

"Nilimwambia asimamishe," yule mtu alikuwa akilia, shavu kwenye vioo, damu ikimwingia jichoni. "Nilimwambia hiyo karatasi aichane. Alikuwa anafunga picha. Akasema, 'Subiri kwanza, kaka, nimfunge huyu mtoto vizuri asivunjike.' Hakunitazama hata usoni. Nyundo ilikuwa pale."

Bibi aliinama kwa shida. Walidhani anakwenda kumpiga. Alimtoa kipande cha kioo kwenye nyusi kwa ncha za vidole, akakiweka kando.

"Usilifumbue hilo jicho," alimwambia. "Mpaka waoshe."

Saa nane kasoro dakika tano mpelelezi alimpigia mkuu wa kituo. "Nimekupatia mtu mwingine," alisema, akakata simu yeye kwanza.

*

Jioni langoni kwa hospitali hapakuwa na mtu. Mmoja wa watu wa kiwandani alikuwa amerudi peke yake na mbao mpya, akapigilia dirisha alilolivunja bila kumtazama mtu yeyote machoni. Koplo alilazwa wodi hiyo hiyo, mkono kwenye plasta.

"Mke wangu anasema nistaafu leo," alisema. "Nimemwambia nimebakiza mkono mmoja wa kazi, serikali isiupoteze."

Mpelelezi alikuwa mlangoni, bega limefungwa, miwani imeshikwa kwa plasta ya hospitali, alipomwona bibi akija ukumbini akimwegemea binti yake. Alibeba lile shati. Alifika kizingitini akasimama. Kimya alimwona.

"Sijui kama naruhusiwa kukaa," bibi alisema.

Sista alileta kiti bila kuulizwa, akakiweka karibu na mto, upande wa jicho lisilovimba.

Bibi alikaa. Alichukua bakuli la uji na mrija, akamnywesha kidogo kidogo, akingoja kila funda lishuke. Muda wote huo hakumtaja mwanawe, wala Kimya hakumuuliza. Bakuli lilipoisha alimfuta mdomo, akalaza shati miguuni pa kitanda.

"Vifungo vyote viko imara," alisema. "Picha ya mtoto nimeirudisha katikati. Na karatasi yako ipo, nitaisaini mwenyewe." Alijiinua kwa kushika chuma cha kitanda. "Nilitaka tu ujue. Sitakusumbua tena na sura hii. Inafanana sana na ya yule."

Bibi alikuwa ameshageuka Kimya aliposhika ncha ya shali yake. Taya lilikuwa limefungwa waya, na kila neno lilimgharimu. Mpelelezi aliona jasho likimtoka kwenye paji la uso. Bibi aliinamisha sikio.

"Kesho," Kimya alisema. "Uje tena, mama."